Je, Wajua Kwa Nini Mshipa wa Damu Uliogandishwa Huweza Kupasuka Unapoyeyushwa?

Tangu Uganda ilipopata sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023, na Hospitali ya Mulago ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza Desemba ya mwaka huohuo, mazungumzo mengi yamehusu viungo ambavyo havina budi kutumika mapema. Sheria hiyo inagusa pia tishu, na mshipa wa damu uliotolewa na marehemu ni tishu ambayo, tofauti na figo, inaweza kugandishwa ikamsubiri mgonjwa kwa miezi au hata miaka.

Ndani kabisa ya ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, kuna safu moja ya seli bapa zinazozuia damu isifanye mabonge. Katikati kuna seli za misuli laini zilizofumana na nyuzi za protini: elastini inayonyumbulika na kolajeni iliyo imara. Nje kuna tabaka imara la kolajeni. Baridi yenyewe si adui mkubwa wa tabaka hizi. Adui ni barafu. Maji yaliyo nje ya seli ndiyo huganda kwanza, na kwa kuwa barafu haichukui chumvi, chumvi yote hubaki katika maji machache ambayo hayajaganda, nayo huyavuta maji kutoka ndani ya seli. Joto likishuka polepole mno, seli hukauka na kusinyaa. Likishuka haraka mno, maji hayawahi kutoka, na barafu hujijenga ndani ya seli na kuiua. Ndiyo maana maabara nyingi hushusha joto kwa takriban nyuzi 1 kila dakika, baada ya kuuloweka mshipa katika dawa ya kukinga seli dhidi ya barafu, kama dimethili salfoksaidi, mara nyingi kwa kiwango cha asilimia 10. Kisha mshipa huhifadhiwa katika mvuke wa naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Wafugaji wa Mbarara wanaujua mtungi wa naitrojeni wa mtaalamu wa uhimilishaji: mrija wa mbegu za fahali hutolewa humo, hutumbukizwa katika maji ya vuguvugu, na baada ya muda mfupi uko tayari. Mrija huo ni mwembamba, kwa hiyo joto huufikia wote karibu kwa wakati mmoja, na mbegu ni seli zinazoelea kila moja peke yake. Ateri ni ukuta mzima, na hukaa ndani ya mfuko wenye kimiminika ambacho, chini ya takriban nyuzi 120 hasi, kimekuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Ukitiwa ghafla katika maji ya nyuzi 37, sehemu ya nje hutanuka kabla ya ile ya ndani, na ukuta hupata ufa kama bilauri baridi iliyomiminiwa chai ya moto.

Hapa ndipo ninapoona uzuri wa kazi ya mtafiti David Pegg na wenzake nchini Uingereza, ambao katika miaka ya 1990 walionyesha kwa ateri za sungura kwamba zikipashwa polepole hadi kama nyuzi 100 hasi, ndipo ziyeyushwe haraka, nyufa hizo huepukika. Haraka ya mwisho nayo ni ya lazima, kwa sababu fuwele ndogo za barafu zikipewa muda huungana na kuwa kubwa. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipasha ateri za nguruwe kwa chembe ndogo mno za oksaidi ya chuma zinazochochewa na mawimbi ya redio, ili joto litoke kila upande kwa pamoja.

Hata kazi ikifanywa vizuri, seli za safu ya ndani ndizo hupotea zaidi, na misuli hupungukiwa nguvu ya kujikaza. Kolajeni na elastini hubaki karibu kama zilivyokuwa, kwa hiyo mshipa bado huhimili msukumo wa damu. Madaktari wa upasuaji huuthamini hasa pale mshipa wa bandia uliopandikizwa awali unaposhambuliwa na bakteria, kwani tishu ya binadamu huhimili maambukizi vizuri zaidi. Hata hivyo, kinga ya mwili wa mpokeaji huendelea kuutambua kuwa ni mgeni, na ukuta wake unaweza kutanuka au kuziba kadiri miaka inavyopita, hivyo mgonjwa huhitaji kupimwa mara kwa mara.