Kipimo cha TB kinaanzia kwenye kopo lako la makohozi

Kopo likifika maabara, kwanza tunaliangalia kwenye mwanga. Makohozi yanayotufaa ni mazito, yanavutika, wakati mwingine ya njano au yenye michirizi ya damu. Yakiwa majimaji yenye mapovu, hayo ni mate, na mate hayatuelezi kilichoko kwenye mapafu.

Naanzia hapa kwa sababu wengi wakisikia kituo kina GeneXpert, mashine ya kupima TB, huona kazi imebaki ya mashine. Kweli imetuvusha mbali. Kwa darubini, mtaalamu hupaka makohozi kwenye kioo, akayatia rangi, akatafuta vimelea kwa jicho lake. Ili avione, mililita moja iwe na vimelea kama 5,000 hadi 10,000. Watoto na watu wengi wanaoishi na VVU hawafikii idadi hiyo. Waliambiwa hawana TB, wakarudi nyumbani wakikohoa. Hili bado linaniuma.

GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha mwishoni mwa 2010, hutafuta vinasaba vya vimelea. Makohozi huchanganywa na kitendanishi, yaani kimiminika maalumu cha maabara, yakatikiswa, yakaachwa dakika 15, kisha yakamiminwa kwenye katriji, kikasha kidogo kinachoingizwa kwenye mashine. Ndani yake vinasaba huzalishwa nakala kwa nakala mpaka vitambulike. Katriji mpya za Ultra zinaweza kunasa hata vimelea 16 hivi kwa mililita. Jibu hutoka ndani ya saa mbili, na linaonyesha pia kama TB hiyo ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, ili mgonjwa asimeze kwa miezi dawa zisizomsaidia.

Ukiwa katikati ya dozi, usidai GeneXpert ili ujue umepona. Hunasa hata vinasaba vya vimelea vilivyokwisha kufa, ikakutia hofu bure. Hapo darubini ingali na kazi yake.

Makohozi ya asubuhi ndiyo bora. Kabla ya kula, sukutua kwa maji, toka nje penye hewa, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani, si kooni. Funga kopo vizuri, ulilete siku hiyohiyo.

Mtoto mdogo asiyeweza kutoa makohozi anaweza kupimwa kwa kinyesi, kwa mashine hiyohiyo. Akikohoa wiki mbili, au uzito wake hauongezeki na nyumbani kuna mgonjwa wa TB, mlete.