Bustani ya mtaa ndani ya gofu

Kila mwaka masika yakikaribia hunijia wageni wa aina moja: vijana watatu wanne wa mtaani, wameona gofu tupu, yaani nyumba iliyobomoka, nyuma ya nyumba zao, wanauliza wapande nini. Mimi ni bwana shamba hapa Lamu, na jibu langu huwaudhi. Nawatuma wakanichotee chupa ya maji ya kisima.

Chini ya kisiwa hiki maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Yanatokana na mvua inayozama ardhini, hasa kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Ukichota kwa ndoo, kidogo asubuhi na kidogo jioni, kisima hutulia. Ukitia pampu ukavuta kwa pupa, chumvi hupanda kutoka chini. Wala ulimi hautoshi kupima. Maharagwe huungua kingo za majani kwa maji utakayoyanywa bila kukunja uso. Huna kipima chumvi? Panda maharagwe machache na uyanyweshe maji hayo wiki kadhaa, yatakutolea ushahidi. Yakiungua, achana pia na vitunguu na karoti, ushike kunde na mchicha, ambavyo huvumilia zaidi.

Halafu piga hesabu. Tuta la mita 1 kwa 3 wakati wa kaskazi hunywa kama mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku. Matuta kumi ni mitungi kumi, Ijumaa pia, Idi pia. Anzeni na manne.

Udongo wa gofu nao una hila. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na zikibomoka chokaa ile huchanganyika na ardhi. Mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga yanakuwa manjano, mishipa imebaki kijani. Watu hudhani ni kiu, wakazidisha maji. Dawa ni kuinua matuta kwa udongo wa kuletwa na samadi ya punda, ambayo mjini hapa hainunuliwi, ni kufagia tu. Ilundike miezi miwili mitatu ioze kwanza, la sivyo utaotesha magugu ya kisiwa kizima. Juu tandaza makumbi ya nazi, yazuie jua.

Kuhusu umiliki sitarefusha. Gofu lina warithi, pengine mmoja yuko Mombasa na mwingine Muscat; tafuteni ruhusa kwa maandishi, na muda utajwe. Likiwa la wakfu, nendeni kwa msimamizi wake. Na msiguse kuta za Mji wa Kale bila kuwauliza watu wa Makumbusho ya Taifa. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001.

Kugawana je? Nimeshiriki bustani ambayo kila kitu kilikuwa cha wote. Kufika Januari aliyekuwa akichota maji ni mama mmoja tu, na wavunaji walikuwa kumi na wawili. Siku hizi nashauri kila nyumba iwe na tuta lake. Cha pamoja kiwe kisima, lundo la samadi na mlango. Mlango hasa. Ulisahauliwa wazi usiku mmoja, punda wawili wakaingia, na asubuhi tulikuta pilipili peke yake.