Uhifadhi wa mimea dawa maana yake nini?

Uhifadhi wa mimea dawa ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba mmea unaotibu watu unaendelea kuota, kuzaa na kuvunwa. Mambo hayo matatu huenda pamoja, na hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Wengi wakisikia uhifadhi huwaza uzio na askari wa misitu. Lakini msitu ukifungwa kabisa, anayekosa ni mganga na mgonjwa wake, huku mwizi wa usiku akiendelea kupita na gunia lake.

Ili kujua kama mmea uko hatarini, uliza kwanza ni sehemu gani inayochukuliwa. Mlonge ukichumwa majani huchipua tena. Mzizi ni habari nyingine. Mukombero, ambao watu wa Kakamega hutafuna mzizi wake, huondoka wote mzizi ukichimbwa ovyo. Msandali wa nyika za Afrika Mashariki nao hung'olewa na shina lake kwa sababu mafuta yanayotafutwa yamo hadi mizizini, na kwa kuwa una miti dume na miti jike, kuiondoa ya jinsia moja mahali fulani ni kuzuia mbegu mahali hapo pote.

Gome liko katikati ya hayo mawili, na mfano wake bora ni mti ambao wataalamu huuita Prunus africana. Wakikuyu huuita muiri, Waluhya mwiritsa, Wakipsigis tendwet, Wachaga mkondekonde. Huota katika misitu ya milimani kuanzia Kameruni hadi Kenya, Tanzania, mashariki mwa Kongo na Madagaska. Wazee wamelitumia gome lake tangu zamani kwa maumivu ya tumbo, homa na shida za mkojo. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kutumia dondoo la gome hilo kutibu uvimbe wa tezi dume, na tangu hapo mti wa kijijini ukawa malighafi ya viwanda vya Ulaya.

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka hadi mizizini kupitia gome la ndani. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mizizi hukosa chakula na mti hufa ukiwa umesimama. Ukibandua sehemu mbili zinazotazamana, kila moja robo ya mzunguko wa shina, robo mbili zilizobaki hupitisha chakula na jeraha hujifunika gome jipya. Hivyo ndivyo wavunaji wa Kameruni walivyofundishwa: miti yenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 30 tu, panga lisizame hadi kwenye mbao, kisha mti uachwe upumzike. Mwanzoni walipewa miaka minne au mitano ya kusubiri, na baadaye ikaonekana ni michache mno.

Utaratibu huo uliharibika kwa sababu ya fedha, wala si kwa kukosa elimu. Hadi katikati ya miaka ya 1980 ununuzi wa magome Kameruni ulikuwa mikononi mwa kampuni moja. Vibali vilipotolewa kwa wafanyabiashara wengi, kila mmoja alijua kwamba gome atakalobakiza litabanduliwa na mwenzake kesho yake. Miti ikabanduliwa hadi matawini, mingine ikaangushwa ili gome la juu lifikiwe. Kwangu mimi hili ndilo somo zito kuliko yote: mvunaji asiye na uhakika wa kuurudia mti uleule hana sababu ya kuutunza.

Sheria za kimataifa ziliingia hapo. Tangu 1995 mti huu umo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na msandali wa Afrika Mashariki ukafuata mwaka 2013. Kiambatisho hicho hakipigi marufuku biashara. Kinaitaka nchi inayouza ithibitishe kwamba uvunaji hautishii uhai wa spishi. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisitisha kupokea magome ya Kameruni kwa kukosa uthibitisho huo.

Wataalamu hutofautisha pia mahali pa kuhifadhi. Kuhifadhi katika makazi asilia ni kuuacha mmea msituni pamoja na ndege na kima wanaosambaza mbegu zake. Kuhifadhi nje ya makazi asilia ni bustani za mimea, vitalu, benki za mbegu na mashamba. Muiri unaonyesha kwa nini njia moja haitoshi: mbegu zake hupoteza uhai upesi, kwa hiyo haziwezi kuwekwa ghalani miaka mingi kama mahindi. Akiba yake ya kweli ni miti hai, tena ya sehemu mbalimbali, kwa kuwa muiri wa Kameruni na wa Kenya umetofautiana kijenetiki.

Kupanda shambani kunawezekana. Shirika la utafiti wa kilimo mseto (miti na mazao shamba moja), ICRAF, lenye makao Nairobi, limefanya kazi ya kuutoa mti huu msituni na kuuingiza mashambani. Unafaa mpakani mwa shamba: nyuki hupenda maua yake na mbao zake ni ngumu. Tatizo ni muda, maana mti huchukua miaka mingi kabla ya gome lake kufaa kuvunwa, na hakuna mkulima anayeweza kungoja hivyo bila zao jingine la kumlisha.

Tena gunia la magome ya shambani na gunia la magome yaliyoibwa msituni yakifika sokoni yanafanana. Mkulima anayepanda leo anahitaji miti yake iandikishwe mapema, ikiwa bado miche, ili siku ya kuvuna asihesabiwe mwizi, na ili aliyeiba asipite kwa jina la mkulima.