Manung'uniko ya ukoloni yanavyozaa vita vya uhuru

Vita vya uhuru ni mapigano ya silaha yanayoendeshwa na watu wanaotawaliwa na taifa jingine, kwa lengo la kuuondoa utawala huo kabisa na kuunda dola yao wenyewe. Hapo ndipo vinapotofautiana na uasi wa kawaida. Watu wanaweza kumvamia akida kwa sababu ya kodi, wakachoma boma, kisha wakarudi makwao siku kodi ikipunguzwa. Anayepigania uhuru hata akipunguziwa kodi haachi, kwa sababu ameshaamua kwamba tatizo ni mtawala mwenyewe. Swali la kujiuliza ni hili: watu wanatokaje kwenye kulalamikia kodi mpaka wakafika kumkataa mtawala kwa bunduki?

Sisi wa Dodoma tuna haki ya kulijua jibu kuliko wengi, maana sehemu yake kubwa iliishi Kongwa, wilaya ya mkoa wetu ambako wapigania uhuru wa nchi nyingine walipiga kambi.

Madaftari ya historia ya sekondari hujibu kwa orodha: kunyang'anywa ardhi, kodi ya kichwa, kazi za shuruti, ujira mdogo, ubaguzi wa rangi. Yote ni kweli, ila hayatoshi, na mimi naona orodha hiyo inamnyima mwanafunzi kitu. Mateso peke yake hayaleti vita. Mfano upo hapahapa Ugogo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalipita katikati ya nchi yakikomba nafaka, yakiswaga ng'ombe na kuwachukua wanaume wakawe wapagazi. Mvua ziliposhindwa hapakuwa na akiba ghalani wala mifugo ya kubadilisha kwa chakula. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na iliua watu maelfu kwa maelfu. Ni vigumu kutaja lalamiko zito kuliko hilo. Hata hivyo halikuzaa vita vya uhuru. Waliosalia walitawanyika kutafuta chakula, kila ukoo ukijinusuru kivyake, na hapakuwa na chombo chochote cha kuunganisha msiba wa mtu wa Mvumi na msiba wa mtu wa Kilwa au Tabora.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni lalamiko kuvuka mipaka ya kijiji. Mkulima anayechapwa viboko hudhani balaa lake ni nyapara mkali au jumbe mwenye roho mbaya. Akijua kwamba mwenzake wa wilaya ya tatu anachapwa vilevile, kwa amri ileile, anaanza kumtazama aliye juu ya nyapara. Hapa Tanganyika jambo hilo lilionekana wazi kwa Wameru. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu kutoka kwenye ardhi yao ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa kulieleza shauri lao. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kisa cha kabila moja kikawa kisa cha nchi nzima, na TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ilikuta masikio yameshafunguka.

Jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni kama malalamiko yana pa kupelekwa. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Wajumbe wa umoja huo walikuja kukagua, na Machi 1955 Julius Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini kule New York. Waingereza walimbana, walimshtaki, walifungia matawi ya TANU, lakini hawakuziba njia yote. Uchaguzi ukafanyika, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru bila vita. Tusijisifu kwamba tulikuwa wapole kuliko jirani zetu. Sisi tulikuwa na pa kusemea.

Ng'ambo ya Ruvuma hawakuwa napo. Mwaka 1951 Ureno ilibadilisha jina la makoloni yake ikayaita majimbo ya ng'ambo. Kwa hila hiyo Msumbiji ikawa, kwenye makaratasi, sehemu ya Ureno, na anayedai uhuru akahesabiwa mhaini. Chama cha siasa hakikuruhusiwa. Wakati huohuo kaskazini mwa nchi hiyo, hasa tangu mwisho wa miaka ya 1930, familia zililazimishwa kulima pamba. Mbegu zililetwa na kampuni yenye kibali cha serikali, bei ilipangwa juu kwa juu, na mnunuzi alikuwa kampuni ileile. Siku za kupalilia pamba ndizo siku za kupalilia mahindi na mtama, kwa hiyo pamba ilipostawi nyumbani paliingia njaa. Aliyeshindwa kufikisha kiwango alipigwa viganjani kwa palmatória, kibao kinene cha mti chenye matundu, mpaka mikono ikavimba asiweze kushika jembe. Juu ya hayo kulikuwa na chibalo, kazi ya shuruti ya miezi kadhaa barabarani au mashambani kwa ujira usio na maana.

Wamakonde wengi walivuka mto wakaja kukata mkonge huku kwetu. Hawakuja kutafuta siasa, walikuja kutafuta mshahara. Lakini kambini walikutana na wafanyakazi wenye vyama, na wakawasikia watu wakilitamka neno uhuru hadharani bila kukamatwa. Vikundi vyao vya kusaidiana vilivyokuwa vya mazishi na nauli vikaanza kujadili mambo ya nyumbani, na humo ndimo kilimochipuka MANU, chama cha siasa cha watu wa Msumbiji waliokuwa huku. Nataka msomaji alikazie macho jambo hili, kwa sababu kwa kawaida hurukwa: lalamiko la Mueda, nchi ya Wamakonde kaskazini mwa Msumbiji, lilipata sura ya kisiasa likiwa Tanga na Dar es Salaam.

Kisha ikaja tarehe 16 Juni 1960. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walikuwa wamerudi kutoka Tanganyika kupeleka maombi ya watu wao kwa wakuu wa Kireno. Umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya utawala pale Mueda, na gavana wa Cabo Delgado, mkoa wenye Mueda, mwenyewe akafika. Mazungumzo yaliisha kwa viongozi hao kukamatwa. Watu walipojaribu kuzuia wasichukuliwe, askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka leo. FRELIMO, chama kilichokuja kupigania uhuru wa Msumbiji, ilitaja watu 600 hivi, na baadhi ya wanahistoria wanataja wachache zaidi kwa mbali. Kilicho hakika ni kwamba watu walikuja mchana kweupe, bila silaha, kuomba, na jibu likawa risasi. Mtu aliyeshuhudia hilo huwezi tena kumshawishi aandike barua nyingine.

Mambo ya namna hiyo yalijirudia kote alikotawala Mreno. Kule Bissau, katika Guinea ya Wareno, makuli wa bandari ya Pidjiguiti waligoma Agosti 1959 wakidai nyongeza ya ujira, wakapigwa risasi. Angola, Januari 1961, wakulima wa Baixa de Cassange walichoma mbegu za pamba wakakataa kulima, nao wakashambuliwa. Huo ndio mfululizo wa kuutazama: ombi, au mgomo, kisha damu. Afrika Kusini haikuwa koloni la aina ileile, lakini njia ilifanana. ANC, chama cha Waafrika wa huko, iliundwa mwaka 1912 ikapeleka maombi na kuandaa maandamano kwa karibu miaka 50. Machi 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville, chama kikapigwa marufuku, na Desemba 1961 tawi lake la kijeshi, Umkhonto we Sizwe, likaanza kazi.

Hapo bado hatujafika vitani. Hasira ikishakuwa ya taifa zima na njia ya amani ikishazibwa, bado panatakiwa pa kulala, pa kula, pa kufunzia watu, na serikali jirani iliyo tayari kubeba hatari. Ndipo Kongwa inapoingia.

Kongwa ilikuwa imebaki na majengo ya mradi wa karanga. Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 wakitaka mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yao iliyotoka vitani. Walipambana na mibuyu, udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua wasizozijua, ingawa Mgogo yeyote angewaeleza tabia ya mvua za Kongwa kama angeulizwa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yameteketea. Ulikuwa na vituo vikuu vitatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru, na baadaye Nachingwea ikawa kambi kuu ya FRELIMO. Ardhi ambayo mkoloni aliivuruga kwa faida yake ikatumika kumtoa kwingine.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha MANU na vyama vingine viwili, chini ya Eduardo Mondlane. Mwaka 1964 vijana wake waliotoka mafunzoni Algeria, Samora Machel akiwa mmoja wao, walifika Kongwa wakajijengea kambi jirani na kituo cha reli kilichoachwa. Baada yao au pamoja nao wakaja ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Wenyeji waliishi nao, waliwauzia chakula, wengine wakaoana nao, na wapo wazee Kongwa ambao damu yao ni ya Msumbiji, Namibia au Afrika Kusini. Huo haukuwa mchango mdogo kwa wilaya yenye njaa za mara kwa mara, na ninasikitika kwamba watoto wetu wengi wanamaliza shule Dodoma bila kupelekwa kuyaona makaburi ya wapiganaji yaliyoko pale.

Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilishambulia Chai, Cabo Delgado. Wakati huo ilikuwa na wapiganaji waliofunzwa takribani 250 tu. Aliyeongoza shambulio hilo alikuwa Alberto Chipande, mwenyeji wa upande huohuo wa Mueda. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Mfano wa Namibia unasaidia kuondoa dhana moja potofu, kwamba vita hulipuka ghafla siku ya tukio kubwa. Ethiopia na Liberia ziliishtaki Afrika Kusini katika Mahakama ya Kimataifa ya The Hague kwa jinsi ilivyoitawala Namibia. Tarehe 18 Julai 1966 mahakama ikalitupa shauri hilo bila kuamua kiini chake. Tarehe 26 Agosti mwaka huohuo yakatokea mapigano ya kwanza, Omugulugwombashe. Ukisoma tarehe hizo mbili peke yake utadhani wiki tano na siku kadhaa zilitosha kugeuza kesi kuwa vita. Ukweli ni kwamba wapiganaji wa kwanza wa SWAPO walikuwa wameshapita Kongwa na kuingia nchini mwao mwaka 1965, kesi ikiwa bado mezani. Viongozi wao waliendelea kungojea haki ya mahakama huku wakijiandaa kwa siku ambayo mahakama ingewaangusha. Hukumu ya The Hague ilipanga tarehe ya vita, lakini vita vyenyewe vilitokana na mikataba ya kazi iliyowatenga wanaume na familia zao, na risasi ambazo polisi waliwafyatulia waandamanaji Windhoek Desemba 1959, na mafunzo yaliyokuwa yanaendelea kwa utulivu kwenye mashamba ya karanga ya Ugogo.