Mtoto wa mbwa anahitaji dawa ya minyoo akiwa na wiki 2

Mzazi akinipigia simu kuhusu minyoo ya mbwa, mara nyingi wasiwasi wake ni yule mbwa koko anayezurura kwenye jaa la taka. Mimi kama daktari wa mifugo humuuliza kwanza kama pale kwenye ploti kuna mbwa aliyezaa karibuni.

Mnyoo wenyewe ni Toxocara canis. Mbwa jike aliyewahi kuambukizwa hubaki na viluwiluwi (minyoo michanga) vilivyolala ndani ya misuli, hata kama alishapewa dawa. Akibeba mimba vinaamka, vinapita kwenye kondo la nyuma na kuwaingia watoto wangali tumboni. Vingine hupitia kwenye maziwa. Ndiyo maana mtoto wa mbwa mwenye wiki 3 tu anaweza kuwa anatoa mayai kwenye kinyesi, na mnyoo jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Utamwona ana tumbo lililovimba na manyoya makavu, mara anatapika minyoo myeupe kama tambi sakafuni. Hajashiba huyo, anaumwa.

Mayai yakitoka leo hayamwambukizi mtu leo. Yanahitaji kama wiki 2 hadi 4 udongoni ndipo kiluwiluwi kikomae ndani ya ganda. Kwangu hii ndiyo nafasi kubwa tuliyo nayo, na inaniuma kuona tunavyoipoteza. Zoa kinyesi kila siku, basi. Ukikiacha, mvua itakisambaratisha, uwanja utaonekana safi, lakini mayai yatakaa pale miaka. Hata Jik haiyaui. Na hapo ndipo watoto wa Kayole au Kawangware huku Nairobi wanapochezea bano (gololi), mikono yote vumbi, kisha mtu anakimbilia mandazi bila kunawa. Wadogo zaidi wanakula udongo wenyewe.

Ndani ya mtoto, viluwiluwi huanguliwa utumboni na kusafiri hadi kwenye ini, mapafu, pengine ubongo au jicho. Havikui kuwa minyoo mizima, kwa hiyo havitagi, na kipimo cha choo hakitaonyesha chochote. Mama anarudi nyumbani na majibu mazuri, mtoto bado anakohoa na tumbo linamuuma. Mwambie daktari kwamba mnaishi na mbwa, aangalie damu. Wengi hawaonyeshi dalili yoyote, ila jicho ndilo linalonitia hofu: kengeza la ghafla, au weupe kwenye mboni ya jicho moja. Mwaka 1950 huko Marekani, Helenor Wilder alichunguza macho ya watoto yaliyokuwa yameng'olewa, mengi kwa kushukiwa saratani, akakuta viluwiluwi vya minyoo ndani.

Dawa ianze wiki ya 2, kabla mayai hayajaanza kutoka, irudiwe wiki ya 4, ya 6 na ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Mama yao anyweshwe pamoja nao. Wauzaji wengi wa mbwa husubiri hadi siku ya chanjo ya kwanza, na huko ni kuchelewa sana.

Ukienda kununua mtoto wa mbwa, omba kadi yake ya chanjo na dawa usome tarehe. Kama haina dozi ya kabla ya wiki ya 4, mnyweshe siku hiyohiyo, rudia baada ya wiki 2, na umwambie muuzaji amtibu na mama aliyebaki kwake.