Mwanamke na Uongozi Kazini: Yanayosemwa na Yaliyopo

Kila inapokaribia Machi 8, ofisi nyingi nchini Tanzania hushona sare za kitenge, huchapisha bango na kumwalika mzungumzaji awaase wanawake wajiamini na wathubutu. Hakuna ubaya katika sare wala katika nasaha. Ubaya upo katika dhana inayopenyezwa humo, kwamba kinachomchelewesha mwanamke kufika kwenye uongozi kimo ndani ya nafsi yake, kwa sababu mwajiri akishaiamini hujiona ametimiza wajibu wake pindi keki inapokatwa. Tuzipime moja moja kauli zinazosikika ofisini.

"Wanawake hawajiamini, ndiyo maana hawaombi vyeo wala nyongeza." Mwaka 2007 watafiti Hannah Riley Bowles, Linda Babcock na Lei Lai walichapisha matokeo ya majaribio yao yaliyoonyesha kwamba mwanamke anayedai mshahara mkubwa zaidi anapoajiriwa huwapunguzia wanaomtathmini hamu ya kufanya kazi naye, kuliko ilivyo kwa mwanamume aliyedai vivyo hivyo. Huenda basi anayenyamaza ameyasoma mazingira yake vizuri kuliko anayemhimiza aseme.

Isitoshe, kujiamini huja baada ya kazi mara nyingi kuliko kabla yake. Uongozi katika ofisi zetu hufundishwa kwa kukaimu: kukalia kiti cha meneja aliyekwenda likizo, kuidhinisha malipo, kuendesha kikao cha Jumatatu, kujibu hoja za mkaguzi ambaye hana muda wa kusubiri mwenye kiti arudi. Anayetaka kujua mameneja wa kesho wa idara yoyote na afungue jalada la barua za kukaimu, atazame majina yanayojirudia. Orodha hiyo huanza kuandikwa muda mrefu kabla tangazo la nafasi halijabandikwa. Ruth Zaipuna, aliyeteuliwa kuwa Afisa Mtendaji Mkuu wa Benki ya NMB mwaka 2020, alikuwa amekwisha kuwa Afisa Mkuu wa Fedha wa benki hiyo, yaani alipanda kutoka kwenye kitengo kinachoshika hesabu. Mafunzo yana nafasi yake pia, na programu ya Mwanamke Kiongozi ya Chama cha Waajiri Tanzania (ATE) ni mfano unaofahamika, lakini mhitimu anayerudishwa kwenye meza ileile, bila bajeti wala watu wa kuwasimamia, atakuwa ameongezewa cheti tu.

"Wanawake wana kipaji cha kuratibu, tuwaachie." Sentensi hii husemwa kama sifa, na ndiyo ninayoiona yenye madhara zaidi kuliko zote. Nani anaandika muhtasari wa kikao? Nani anashika daftari la michango ya harusi na misiba, anafuatilia wasiolipa, anapima saizi za fulana za Mei Mosi na kuhakikisha wageni wamepata chai? Kazi hizo ni za lazima, zinakula saa nyingi, na hazina mstari wake katika fomu ya tathmini ya utendaji. Mwaka 2017 Babcock na wenzake watatu walichapisha utafiti uliowaweka watu katika vikundi na kuwapa kazi ambayo kila mmoja angependa mwenzake aifanye. Katika vikundi vya mchanganyiko wanawake walijitolea zaidi. Katika vikundi vya wanaume watupu, wanaume walijitolea kwa kiwango kisichotofautiana na cha wanawake walipokuwa peke yao. Kipaji hakikuhusika. Kilichohusika ni kila mtu kujua ni nani atakayetazamwa. Ndiyo maana kuomba anayejitolea hakusaidii. Zamu iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, yenye jina la mkuu wa idara ndani yake, inasaidia.

"Akishazaa, kazi inakuwa ya pili." Tufanye hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na wajibu wa mwajiri unaishia likizo nne. Mwanamke atakayezitumia zote kwa uzazi wa mtoto mmoja mmoja atakuwa nje ya ofisi kwa siku 336, hazitimii mwaka mmoja, katika utumishi unaoweza kuendelea hadi umri wa kustaafu wa miaka 60. Akirudi ana haki ya kuendelea kwa masharti yaleyale, na ya kunyonyesha kwa hadi saa mbili kila siku.

Kwa hiyo siku za likizo peke yake haziwezi kumwangusha mtu. Kinachomwangusha ni huruma inayofuata. Inapatikana safari ya kikazi Mbeya au nafasi ya kuongoza tawi la mkoani, na bosi mwenye nia njema kabisa anasema, "Mama fulani ana mtoto mdogo, tusimsumbue." Mama fulani hakuulizwa. Baba fulani, ambaye naye ana mtoto wa umri uleule, amekwisha kukata tiketi.

"Kuwapa wanawake nafasi makusudi ni ubaguzi." Hapa sheria hailazimishi maneno mengi: kifungu cha 7 cha Sheria hiyohiyo ya Ajira na Mahusiano Kazini kinatamka kwamba hatua zinazolenga kuleta usawa si ubaguzi. Na nafasi ya makusudi yaweza kuwa mlango wa kuanzia: Rais Samia Suluhu Hassan alianza kazi serikalini Zanzibar akiwa karani mwaka 1977, akaingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kupitia viti maalumu, na mwaka 2010 akashinda ubunge wa jimbo la Makunduchi kwa kura za wananchi.

"Adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake." Wanaoipenda kauli hii hutoa mfano wa bosi wa kike aliyewabana wanawake walio chini yake, na mifano kweli ipo. Lakini Rosabeth Moss Kanter, aliyechunguza kampuni kubwa ya Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1977, alieleza kwamba kundi lisilozidi takriban asilimia 15 ya watu wote hutazamwa kila hatua, kosa la mmoja huhesabiwa kuwa la jinsia nzima, na aliyemo hushawishika kujitenga na wenzake ili aonekane anafaa. Menejimenti ya watu saba yenye mwanamke mmoja imo ndani ya kiwango hicho. Wanaume wawili wakigombana kwenye menejimenti hiyohiyo, huitwa wapinzani, na hakuna anayetafuta chanzo katika uanaume wao.