"Kwani hicho kivinjari hamjakimaliza tu?"

Mama aliniuliza hivyo miaka kadhaa iliyopita, mimi mhandisi wa vivinjari, na hakuwa akitania. Kwake kivinjari ni mlango: unaufungua, unaingia kwenye tovuti, basi. Mlango ukishatiwa bawaba, fundi anabaki kufanya nini? Swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi, hata kutoka kwa wahandisi wenzangu wa fani nyingine. Haya ndiyo ninayoambiwa mara kwa mara, na jinsi nilivyoyakuta mwenyewe kazini.

Dhana: Kivinjari kilishakamilika, kilichobaki ni kubadilisha rangi na vitufe.

Upau wa anwani na vichupo ni sehemu ndogo sana. Chini yake kuna injini inayosoma HTML na CSS (lugha zinazoeleza maudhui ya ukurasa na mwonekano wake), inayopanga kila kisanduku mahali pake, kukichora na kuendesha JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo. Kwenye skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde, kila mchoro mmoja una milisekunde 16 na ushei tu. Injini kubwa zilizobaki ni tatu: Blink ya Chrome na Edge, WebKit ya Safari, na Gecko ya Firefox.

Nitoe mfano wa hitilafu niliyolala na kuamka nayo karibu wiki tatu. Safu tatu zilizo sawa ziko ndani ya kisanduku chenye upana wa pikseli (nukta za skrini) 1,000, kila moja theluthi. Ukikuza ukurasa kwa kiwango fulani, mstari mweupe mwembamba kama uzi unajitokeza ukingo wa kulia. Ukipunguza kidogo, unatoweka. Niliutafuta kwenye uchoraji, siku baada ya siku, kumbe ulikuwa kwenye hesabu. Blink na WebKit hugawanya pikseli vipande 64, Gecko huigawanya vipande 60. Sitini inagawanyika kwa tatu, 64 haigawanyiki, kwa hiyo theluthi tatu zilizokatwa zinapungukiwa na kipande kimoja kati ya 64. Ukuzaji ulipoingia, upungufu huo ulivuka mpaka wa kukadiria na kugeuka pikseli nzima. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari minne ya msimbo. Majaribio ya kuyalinda yalizidi mia, na ndiyo niliyoyaandika kwa uangalifu zaidi, maana atakayeigusa sehemu hiyo miaka kumi ijayo huenda asiwe mimi.

Dhana: Kosa likionekana, lirekebishwe mara moja. Kuna ugumu gani?

Ugumu ni kwamba kuna tovuti zinazosimama juu ya kosa hilo hilo. Mwaka 2018 kamati inayosimamia JavaScript ilitaka kuongeza amri ya orodha iitwayo flatten. Ilipojaribiwa kwenye toleo la majaribio la Firefox, tovuti iliharibika, kwa sababu maktaba ya msimbo ya zamani iitwayo MooTools ilikuwa imejiwekea amri ya jina hilo hilo kabla. Yangeweza kusemwa mengi kuhusu nani anapaswa kurekebisha msimbo wake. Lakini tovuti nyingi za namna hiyo hazina tena wa kuzihudumia, na msomaji anayezifungua hana kosa lolote. Amri ikabadilishwa jina, leo inaitwa flat. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki.

Nimeonja hali hiyo mwenyewe. Niliwahi kuingiza badiliko ambalo kanuni za wavuti, zile ambazo vivinjari vyote hufuata, ziliniunga mkono neno kwa neno. Siku mbili baadaye ripoti zikaanza kumiminika: menyu hazifunguki. Badiliko langu likaondolewa jioni ile ile. Iliniuma, kisha nikakaa na zile ripoti moja moja, nikasoma watu walikuwa wanajaribu kufanya nini walipokwama. Tangu hapo, kabla ya kuuliza kanuni inasemaje, nauliza nani anaitegemea tabia ya sasa.

Dhana: Ukiwa mhandisi wa kivinjari, unaijua injini yote.

Hakuna anayeijua yote. Tunazungumzia mamilioni ya mistari ya msimbo, mingine ikiwa na asili katika KHTML, injini ya miaka ya tisini ambayo WebKit ilitokana nayo, kisha Blink ikachipuka kutoka WebKit mwaka 2013. Mwaka wangu wa kwanza niliogopa kuuliza, kwa kuwa kila maoni kwenye mapitio ya msimbo yanabaki wazi kwa dunia nzima. Kilichonitoa woga ni mwenzangu mmoja mwenye uzoefu mkubwa kuniandikia hadharani: "Sijui, ngoja niisome." Sentensi hiyo nimeitumia mara nyingi tangu siku ile, hasa ninapowakagua wageni.

Wapo pia wanaodhani wahandisi wa vivinjari pinzani hatusalimiani. Ukweli ni kwamba tunakaa vikao vya kanuni pamoja na tunaandika majaribio ya pamoja ambayo injini zote hupimwa nayo. Na nikiulizwa kuhusu hali fiche (incognito), najibu kwa ufupi: inafuta historia na vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha, kwenye kifaa chako ukishafunga dirisha. Haimfichi mtoa huduma wako wa intaneti, wala msimamizi wa mtandao wa kazini.

Linalonigusa zaidi ni lile la uhuru. Watu huona nafanyia kazi nyumbani, kwenye msimbo huria ulio wazi kwa kila mtu, wakasema maisha ndiyo hayo. Ni kweli naipenda kazi hii. Lakini wenzangu wametapakaa duniani, na daima kuna mmoja anayeamka wakati mimi nalala. Firefox na Chrome zilipohamia mzunguko wa kutoa toleo jipya kila wiki nne, mwaka 2020 na 2021, tarehe za mwisho zilianza kufuatana kwa kasi. Kwa muda mrefu nilisoma ripoti kitandani, nikajiaminisha kwamba huko ni kujituma. Ilikuwa uchovu. Sasa simu inabaki sebuleni, na hitilafu inanisubiri hadi asubuhi.

Mara ya mwisho nilipokuwa na Mama, alikuwa anasoma habari, ukurasa ameukuza hadi asilimia 150 kwa ajili ya macho yake. Safu tatu. Nilichungulia ukingo wa kulia. Hapakuwa na mstari.